Kicheko cha Siku ya Themanini na Tatu

Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, ili asiyependa kusoma mpaka mwisho asije akamlaumu Uwamwezi. Watu wetu wa Kamembe wana ugonjwa huo. Wanasikia mwanzo wa jambo, wanabonyeza, wanatuma kwa wengine, kisha wanaendelea kupanga nyanya zao. Nami nilikuwa mgonjwa kama wao.

Naitwa Anonciata, fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani, kando ya ukuta wa matofali, na upande wa pili wa ukuta ni kwa Uwamwezi. Tumepakana miaka kumi na sita. Mimi ni Mkatoliki. Yeye ni wa zile familia za Kiislamu za hapa mjini ambazo Kiswahili ndiyo lugha yao ya jikoni. Sahani ya pilau huvuka ukuta siku ya Idd, sahani ya sambusa huvuka kurudi siku ya Noeli, na hakuna aliyewahi kuuliza sahani ni ya nani.

Kazi yake ilikuwa kuvusha mboga kwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, asubuhi, kwa daraja la Rusizi ya Pili, na kurudi na vitenge jioni. Lakini ukitaja mboga hakuna atakayemkumbuka. Taja "kitu cha leo", watu wanaanza kutabasamu kabla hujamaliza. Uwamwezi alikuwa mwindaji. Aliwinda kwenye simu, kwa kidole kimoja chenye kovu la kisu, vitu vya ajabu na vya kufurahisha kutoka kila pembe ya dunia, na kila asubuhi alituma kimoja katika kundi la Watsapu la wanawake wa mpakani, linaloitwa Bamama ba Daraja. Kimoja tu, hata kama jana yake alipata kumi. Wanawake sitini na zaidi wako kwenye foleni na mabeseni kichwani, simu zinalia pamoja viunoni na vifuani, na foleni nzima inaanza kucheka mpaka askari wa ng'ambo wanauliza kuna nini.

Alikuwa na sheria zake. Hakuna damu, hakuna siasa, hakuna mtu aliye uchi, hakuna zile barua za "tuma kwa watu kumi upate baraka". Aliyeanguka hachekwi mpaka ionekane ameinuka. Kitu alikitazama mara tatu kabla ya kukikubali, na kikimchekesha mara ya kwanza tu, alikiacha. Na kwa kuwa wengi katika kundi hawasomi, aliambatanisha odio, yaani ujumbe wa sauti, akikieleza kitu hicho kwa mambo ya hapa kwetu. Ninazo nyingi bado. Hii ni moja, ya birayi, yaani viazi:

"Bamama, jambo yenu! Leo niko nabaletea muzee moja wa inchi ya baridi. Anasafisha birayi mu mashini ya kufula manguo! Mashini inazunguka, inazunguka, birayi inatoka mweupe. Sasa munisikilize muzuri: ule mwenye ataweka birayi pamoja na shati ya bwana yake, asiseme ni mimi nilimufundisha."

Alituonyesha kuku waliofumiwa sweta, ng'ombe wanaokuja mbio wakisikia tarumbeta, bibi wa miaka tisini anayecheza mpira wa meza na mapadri na kuwashinda. Siku moja nilimuuliza faida ya yote hayo ni nini. Akaniambia kwamba mtu anayepanga foleni kila siku, mwishowe anaamini dunia nzima ni foleni.

Kisha Kamali akafa. Kamali ni mumewe, mchomeleaji wa vyuma, aliyetengeneza nusu ya mageti ya mtaa wetu. Presha ilimwangusha kazini adhuhuri ya Alhamisi, na Ijumaa tukamzika. Uwamwezi akaingia eda.

Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatembei ovyo, haposwi. Hiyo ni dini, nami sidharau dini ya mtu. Lakini eda ya Uwamwezi ilisimamiwa na Mukarugwiza, dada mkubwa wa Kamali, baba mmoja mama mbalimbali, na Mukarugwiza alikuwa na nyongeza zake. Ni mwanamke mrefu wa miaka hamsini na minane, mjane tangu ujanani, ambaye hakuolewa tena. Uwamwezi alimwita Yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa huku kwetu. Alifika siku ya mazishi na mkeka na tasbihi yake, akasema amekuja kumsaidia mjane kukaa. Akageuza kioo kikatazama ukuta. Akakunja vitenge vyote vyenye rangi akaviweka juu ya kabati. Getini hapana, hata kupokea mkaa. Dirisha la mbele lifungwe. Sauti isivuke ua. Lakini pia hakula kabla ya Uwamwezi kula, na miguu ya mjane ilipovimba yeye ndiye aliyeikanda kwa maji ya chumvi. Usidhani alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kwetu sote kama angekuwa mbaya.

Nyumba ile ina vyumba viwili na ua wa hatua kumi na nne. Najua kwa sababu nilimsikia akizihesabu. Asubuhi aliwasikia wenzake wakiteremka na mabeseni, wakishusha sauti wanapofika getini kwake, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. "Banapita polepole sawa vile hapa kungali maiti," alininong'onezea juu ya ukuta. Ziwa liko chini ya mtaa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na kwa miezi ile yote hakuliona hata mara moja. Alianza kunenepa na kukonda kwa wakati mmoja. Mwili ulijaa, uso ukaisha.

Simu aliachiwa, kwa ajili ya salamu za rambirambi na kwa ajili ya Gasaro. Gasaro ni binti yake wa pekee, ameolewa Bugarama kwa mkulima wa mpunga. Mwaka uliopita mimba yake ya kwanza iliharibika ikiwa ya miezi saba. Uwamwezi alikuwa Bukavu siku hiyo, na alipofika Bugarama jambo lilikuwa limekwisha, binti amelala ametazama ukuta. Sasa Gasaro alikuwa na mimba ya pili. Wauguzi walimpa tarehe, na tarehe hiyo ilianguka siku tisa baada ya eda ya mama yake kwisha.

Siku tisa! Uwamwezi aliishi kwa ajili ya hizo siku tisa. Alimwapia binti yake kwamba safari hii atakuwepo, atamshika mgongo, atamwogesha kwa mikono yake mwenyewe. Kila jioni alinihesabia juu ya ukuta: zimebaki themanini, zimebaki sabini na moja, zimebaki sitini.

Na aliendelea kuwinda. Angefanya nini tena? Kundini alinyamaza, maana mjane hachekeshi watu. Lakini kila siku baada ya adhuhuri, Mukarugwiza alipojinyoosha kidogo, simu yangu ililia. Kitu kimoja, na odio ya kunong'ona kutoka jikoni. Alinitumia mimi peke yangu. Nilisimamisha cherehani, nikaweka simu sikioni, nikasikiliza sufuria ikichemka nyuma ya sauti yake.

Baada ya majuma kadhaa niligundua jambo. Aliniletea yule samaki wa baharini mwenye mikono minane, amefungiwa ndani ya chupa, anazungusha kifuniko kutoka ndani mpaka kinafunguka. Akaniletea paka aliyenasa kichwa ndani ya buti. Akaniletea mtu aliyejenga nyumba kamili, na jiko na kitanda, ndani ya gari bovu. Kila alichokileta kilikuwa ndani ya kitu kingine. Nilimwambia hivyo, nikidhani ni utani.

"Mimi nachaguaka tu bile binanifurahisha, Maman Anonciata," akasema upande wake wa ukuta. "Sikuonaka."

Sauti yake ilinitia huzuni, nikajuta kufungua mdomo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kundi la Bamama ba Daraja lilikuwa limekufa. Yalibaki matangazo ya mitumba na sala ndefu zisizo na mwisho. Asubuhi moja nikamtuma yule samaki wa chupa. Sikusema nimempata wapi. Wakashangilia: "Anonciata, kumbe na weye uko na jicho!" Nilifurahi, sitaficha. Mtu aliyeshona sare za shule maisha yake yote hasifiwi mara nyingi. Kesho yake nikatuma paka wa buti. Kesho kutwa nikatuma nyumba ya ndani ya gari. Nikawa mwindaji kwa mawindo ya mwenzangu, na mwenzangu sikumwambia, kwa kuwa nilijua angenikataza.

Jolie, muuza maziwa, ambaye mdomo wake haujawahi kuumwa, ndiye aliyeniharibia. Alituma odio kundini: "Bintu ni bizuri, lakini binakosa chumvi. Maman Uwamwezi alikuwa anatuelezeaka. Weye unatutupia tu sawa vile unatupia kuku mahindi." Wakacheka wote, na safari hii waliyemcheka ni mimi. Nilikasirika. Nikajaribu kurekodi odio yangu mwenyewe. Nilipoisikiliza, nilijisikia nasoma tangazo la mkutano wa usafi wa mtaa. Nikaifuta.

Hiyo ilikuwa siku ya themanini na tatu ya eda. Mchana ule Uwamwezi alinitumia kasuku, na odio ya dakika mbili na nusu. Nikaanza kuisikiliza. Ilianza na maneno machache, kisha kicheko. Si kile cha kunong'ona. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, cha darajani, kinachopanda na kukatika na kupanda tena, na mimi mwenyewe nikacheka peke yangu barazani kama mwehu. Hapo mteja akaingia, anataka kupimwa gauni la ubatizo. Sikufika mwisho. Nikasema moyoni, haya Jolie, chumvi yako hii hapa. Nikabonyeza.

Ulimi hauna mfupa, wanasema. Kidole nacho kumbe hakina. Kabla sijamaliza kumpima yule mteja kiuno, kicheko cha mjane kilikuwa kimevuka daraja, kimetembea Bukavu, kimerudi, na kimeingia katika simu ya Hakimu, mdogo wake Kamali, anayeuza vipuri vya pikipiki sokoni. Hakimu si mtu wa fitina. Alishtuka tu, akafanya wanachofanya watu wakishtuka, yaani kumpelekea mwingine. Akaja mpaka uani kwa Uwamwezi, simu mkononi, akamsikilizisha Mukarugwiza sekunde ishirini za mwanzo kwa sauti ya juu.

Nilizisikia kupitia ukuta.

"Unacheka," alisema Mukarugwiza. Hakupaza sauti. "Ndugu yangu hajaoza, weye unacheka na bantu."

"Yaya, nilikuwa naongea na Maman Anonciata peke yake."

"Na inchi mbili zinasikia. Umevunja eda. Unaanza upya."

Wapo wazee hapa kwetu wanaoamini hivyo, kwamba mjane akicheka kwa sauti kabla ya siku zake, zile alizokwisha kukaa zimemwagika, na hesabu inarudi siku ya kwanza. Sijui imani hiyo ilitoka wapi. Nilijua tu kwamba siku ya kwanza mpya maana yake ni miezi minne na siku kumi nyingine, na kwamba Gasaro atakuwa amejifungua, au la, muda mrefu kabla ya hapo.

"Siku makumi munane na tatu, Yaya," alisema Uwamwezi.

"Zimemwangika."

"Na Gasaro?"

"Gasaro iko na mama mukwe." Kisha Mukarugwiza akaongeza, taratibu, kama anayemfariji: "Mimi nilianzaka upya. Nilikuwa na myaka kumi na tisa. Mbuzi iliingia mu nyumba ikakula kofia ya mugeni, nikacheka mara moja tu. Mama mukwe wangu akasema, anza. Nikaanza. Sikukufa."

Nilizunguka mbio nikaingia kwa geti. Nikapiga magoti mbele ya Mukarugwiza, nikasema ni mimi, kidole ni changu, mwenye eda hakumtumia mtu yeyote ila mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kidole kilikuwa changu lakini meno yalikuwa ya nani? Akachukua simu ya Uwamwezi, akaifunga katika pindo la kanga yake. Uwamwezi alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu, na ningependa zaidi kama angenitukana.

Siku zilizofuata hazikuwa na kitu cha leo. Zilikuwa na hatua kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi. Hakunihesabia tena siku zilizobaki. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikapanda juu ya ndoo nikamwambia kwa hasira: "Toka! Nani atakufunga kamba? Siku yako ya kweli ikifika, fungua geti, panda gari, enda Bugarama kwa mutoto wako."

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Nikitoka bila baraka yabo, mutoto atazaliwa mu maneno," alisema. "Kama mimba inaharibika tena, batasema ni ile kicheko. Batasema bibi yake alivunja eda, njo babu anakasirika. Na Gasaro ataamini. Utamutoa aje hiyo mu kichwa?"

Lile geti alilichomelea Kamali mwenyewe, na komeo lake liko ndani. Mtoto mdogo angeweza kulifungua. Nilishuka kwenye ndoo nikakaa chini nikalia, maana nilikuwa nimemfungia mtu mahali pasipo na mlango.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini niliona heri nife nikizoa. Nikavaa kitenge changu cha misa, nikaenda msikitini kumwona Shehe Latifu. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, nimemshonea kanzu mbili. Alishangaa kuona Mkatoliki ameketi kwenye benchi la wanaosubiri ndoa na talaka. Nikamweleza yote, pamoja na fahari yangu na samaki wa chupa. Hakucheka. Akaniuliza kama hiyo odio bado ninayo, kisha akasema atakuja Alhamisi baada ya sala ya alasiri.

Alhamisi hiyo, kwa hesabu yangu, ilikuwa siku ya tisini na moja; kwa hesabu ya Mukarugwiza ilikuwa ya nane. Tulikaa uani. Shehe na Hakimu walikuwa kwenye viti, mimi na Mukarugwiza mkekani, Uwamwezi nyuma ya pazia la mlango. Hakimu akaeleza alichosikia. Shehe akamsikiliza, akauliza swali moja tu.

"Nani kati yenu ameisikiliza mpaka mwisho?"

Hakimu akatazama viatu vyake. Mukarugwiza akasema yeye hana simu ya kusikiliza. Nami, mwenye odio, niliyeituma kwa watu sitini, nikasema hapana. Aibu ya jibu hilo sijamaliza kuilipa.

Shehe akaweka simu yangu kwenye mkeka, akaibonyeza.

"Maman Anonciata, eh! Angalia hii kasuku. Mwanamuke iko mu jikoni, kasuku inamwita na sauti ya bwana yake. Anakuya mbio, 'nakuya, nakuya!' Anafika, bwana haiko. Ni kasuku!" Kikafuata kicheko, kirefu, kile tulichokijua wote. Hakimu alinyoosha mkono kana kwamba imekwisha. Shehe akamzuia. Kicheko kikapungua, sauti ya Uwamwezi ikarudi, inahema. "Njo vile Kamali alikuwa ananifanyaka. Anaita, 'Uwamwezi! Uwamwezi!' Naacha birayi ku moto, nakimbia. Nafika, anasema, 'Hapana kintu. Nilitaka tu kuona kama uko.'" Sufuria ikasikika inachemka, muda mrefu. "Sasa niko. Niko hapa siku yote, siendi ata fasi moja. Na hakuna mwenye kuniita." Dakika iliyobaki ilikuwa kilio, kilio cha mtu aliyeziba mdomo kwa kanga.

Hakimu alikuwa anafuta macho kwa kiganja.

"Kama alilia," Mukarugwiza alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea, "basi machozi imesafisha kicheko. Nakubali. Aendelee na hesabu yake."

"Hapana, mama," alisema Shehe. "Hata kama asingelia. Angecheka mpaka mwisho, hesabu ingebaki ileile. Eda inahesabiwa kwa mwezi, haihesabiwi kwa meno. Mjane amekatazwa kujipamba, na kicheko si pambo. Hakuna mtu anayeanza upya kwa sababu alicheka. Wala zamani hakukuwa na kitu hicho katika dini. Watu waliongeza."

Uwamwezi alimaliza eda yake kwa tarehe yake, akapanda gari la Bugarama na mfuko wa nguo za mtoto nilizoshona mimi. Gasaro alijifungua salama mtoto wa kike, mama yake amemshika mgongo. Yote hayo yalikwenda vizuri na nimeyasema hapa ili nisiyasahau, kwa sababu yaliyotokea uani dakika ileile baada ya hukumu ndiyo yanayoniamsha mpaka leo.

Shehe alikuwa amesimama, anatafuta kiatu chake. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa sauti, kwa lugha zote ninazozijua. Mukarugwiza hakuinuka.

"Shehe," alisema, "naomba swali. Ule mwenye banamuanzishaka upya, na haikukuwa lazima. Zile siku zake zinaendaka wapi?"

Shehe alidhani ni swali la kitabu. Akamjibu kwa heshima kwamba Mwenyezi Mungu hapotezi kitu, na kila siku ya subira ina thawabu yake.

"Siombi thawabu," alisema Mukarugwiza. "Naulizia siku."

Alikuwa anatazama mkeka, kidole kinafuata ukindu mmoja kwenda na kurudi.

"Nilikuwa mu ile hesabu ya pili," alisema. "Mama yangu alikuwa mugonjwa kule Nyakabuye. Alituma muntu mara tatu. 'Mumwambie akuye nimuone.' Mama mukwe akasema mwenye eda hatokaka. Ile muntu ya tatu ilikuya kusema bameshamuzika. Bandugu yake mama bakasema nilichagua maiti ya bwana, nikaacha mama muzima. Sikurudiaka kule tena."

Hakimu, ambaye Mukarugwiza ni dada yake tangu anazaliwa, hakuwahi kulisikia jambo hilo. Ilionekana usoni mwake. Shehe alibaki na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Uwamwezi alitoka nyuma ya pazia, bila kujali kuna wanaume, akaketi mkekani kando ya wifi yake. Hakumkumbatia. Aliketi karibu tu, mabega yakigusana.

Miaka thelathini na tisa. Nyakabuye iko wilaya hii hii yetu. Mtu huenda asubuhi, akanunua muhogo, akarudi kabla ya chakula cha jioni.

Mukarugwiza alifungua pindo la kanga, akatoa simu ya Uwamwezi, akamwekea mapajani. Kisha akainuka, akakunja mkeka wake, akamgeukia Hakimu.

"Siku hizi," akamuuliza, "gari ya Nyakabuye inapakiliaka wapi?"